Lugha rasmi moja, nchi nyingi: kwa nini kila orodha ina idadi yake, na namna ya kuhesabu

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari. Wenzangu wamenikabidhi kazi ya kuandaa jedwali la lugha rasmi zinazotumiwa na nchi zaidi ya moja, liingie kwenye kijitabu cha marejeo cha wanafunzi. Nimekwama. Kifaransa chanzo kimoja kinasema nchi 29, kingine 26, kingine kinahesabu wanachama wa jumuiya ya Kifaransa na idadi inaruka juu. Kiswahili nimekuta nchi tatu, nne, hata "zaidi ya 14". Tena kuna mahali nimesoma kwamba Katiba ya Tanzania haitaji lugha rasmi. Nifuate kipi?

Jibu: Mwalimu, usifuate hata kimoja. Vyanzo hivyo vinahesabu vitu vinne tofauti na kuviita kwa jina moja: nchi ambazo sheria yake imeitaja lugha kuwa rasmi; nchi ambazo serikali yake inaitumia kila siku ingawa hakuna sheria inayosema hivyo; nchi ambamo lugha hiyo inazungumzwa tu; na nchi zilizojiunga na jumuiya yenye jina la lugha hiyo. Makundi mawili ya mwisho yaondoe mezani leo hii, halafu yale mawili ya kwanza uyatenganishe. Itakayobaki ni kazi ya kusoma ibara na kujaza jedwali.

Uanachama wa jumuiya ndio unaoponza wengi. Jumuiya ya nchi za Kifaransa, OIF, ina Misri, Vietnam, Ugiriki na Romania ndani yake, na hakuna hata moja kati ya hizo ambayo Kifaransa ni lugha yake rasmi. Jumuiya ya Madola iliipokea Msumbiji mwaka 1995, kisha Gabon na Togo mwaka 2022. Ya kwanza inaendesha serikali kwa Kireno, hizo mbili kwa Kifaransa. Jumuiya ya Kireno, CPLP, ina wanachama 9, na safari hii wote wana Kireno kati ya lugha zao rasmi, hata Guinea ya Ikweta iliyoingia mwaka 2014, ambako mitaani utasikia zaidi Kihispania na Kifang. Uanachama unaweza kuafikiana na sheria ya nchi au kupingana nayo, kwa hiyo hauwi ushahidi.

Lugha za taasisi nazo zina mtego huohuo. SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne mwezi Agosti 2019, mkutano wa wakuu ulipofanyika Dar es Salaam. Uamuzi huo unahusu vikao na nyaraka za SADC. Botswana au Namibia hazikubadilisha chochote kwenye sheria zao. Umoja wa Afrika nao una Kiswahili kati ya lugha zake, na wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliridhia Kiswahili na Kifaransa viungane na Kiingereza mwaka 2021. Haya yaweke kwenye jedwali dogo la pembeni, "lugha za taasisi". Ukiyachanganya na nchi, Kiswahili kitapata nchi 16 kwa usiku mmoja.

Ile "zaidi ya 14" uliyoikuta ni ya nchi ambamo Kiswahili kinazungumzwa: toka Somalia mpaka Msumbiji, ikiongezwa Oman na Yemen. Oman zipo familia zenye asili ya Zanzibar na mwambao zinazoongea Kiswahili nyumbani vizazi na vizazi, lakini lugha rasmi ya dola ni Kiarabu peke yake.

Kwanza amua "nchi" ni nini

Andika juu ya jedwali: nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa, 193. Ukitaka, ongeza waangalizi wawili, Vatikani na Palestina, na useme hivyo. Usipoamua mapema utajikuta unabadilisha kanuni katikati ya kazi. Puerto Rico itaingia kwenye Kihispania ingawa ni eneo la Marekani. Macau itaingia kwenye Kireno, kwa kuwa Kireno ni rasmi huko pamoja na Kichina, na msomaji ataondoka akidhani Uchina ni nchi ya Kireno. Kosovo na Taiwan zina mgogoro wa kutambuliwa. Zitaje kwenye maelezo ya chini bila kuzitia kwenye jumla.

Safu za jedwali

Orodha nyingi zina safu mbili, lugha na nchi, ndiyo maana haziwezi kukaguliwa. Ya kwako iwe na saba: nchi, lugha, hati iliyoipa hadhi (katiba, sheria, amri ya serikali, au hakuna), namba ya ibara au kifungu pamoja na mwaka, maneno ya hati yenyewe kama yalivyo, mipaka yake (nchi nzima, jimbo, bunge tu, mahakama tu), na tarehe uliyokagua. Safu ya tano, ya maneno yenyewe, ndiyo itakayokuokoa mara nyingi. Mtu akipinga, humjibu kwa hoja, unamwonyesha mstari.

Kisha kila mstari upe daraja moja kati ya manne:

A: katiba au sheria imesema lugha ni rasmi kwa nchi nzima.
B: serikali inaitumia nchi nzima, lakini hakuna sheria inayoitangaza hivyo moja kwa moja.
C: sheria imeitaja kwa hadhi nyingine: ya taifa, ya kazi, ya pili, inayotambuliwa.
D: ni rasmi katika jimbo au mkoa tu.

Katika kijitabu, jumla ya kila lugha iandike kwa mtindo huu: "A 4, C 1". Usijumlishe A na B kimyakimya. Kwa lugha nyingine tofauti ni ndogo. Kwa Kiingereza ni kubwa mno.

Maneno yanatafutwaje kwenye katiba

Anzia ibara kumi za mwanzo, ambako huwekwa bendera, wimbo wa taifa na mji mkuu. Usipopata hapo, nenda sura ya Bunge, halafu sura ya mahakama, mwisho sheria za kawaida. Katika katiba za Kifaransa tafuta *langue officielle*, *langue nationale* na *langue de travail*. Kwa Kihispania *idioma oficial* na *lengua oficial*. Kwa Kireno *língua oficial*. Kwa Kijerumani *Staatssprache* na *Amtssprache*. Tovuti ya Constitute ina katiba karibu zote za dunia kwa tafsiri, ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini linganisha mwaka wa toleo lililowekwa na marekebisho ya karibuni, maana tafsiri huchelewa.

Sura ya Bunge usiiruke. Katiba ya Mauritius haitangazi lugha rasmi ya nchi. Ibara ya 49 inasema tu kwamba lugha rasmi ya Bunge ni Kiingereza, na mbunge anaweza kumhutubia mwenye kiti cha kikao kwa Kifaransa. Ukiandika "Mauritius: Kiingereza, A" umezidisha, iandike B, na kwenye mipaka useme sheria inagusa Bunge. Nigeria nayo, ambayo kila orodha huiweka mstari wa mbele wa Kiingereza, katiba yake ya 1999 inasema katika kifungu cha 55 kwamba shughuli za Bunge la taifa zitaendeshwa kwa Kiingereza, na kwa Kihausa, Kiigbo na Kiyoruba maandalizi yakiwa yamekamilika. Hiyo tu.

Halafu kuna mkorogo wa "lugha ya taifa" na "lugha rasmi". Hakuna kanuni ya dunia nzima, kila nchi ina maana yake. Katiba ya Finland inaviita Kifini na Kiswidi lugha za taifa, na hapo "taifa" ina uzito wote wa kisheria: raia ana haki ya kuzitumia mahakamani na mbele ya mamlaka. Uswisi inatenganisha: ibara ya 4 ina lugha nne za taifa, lakini ibara ya 70 inataja Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano kuwa lugha rasmi za shirikisho, na Kiromanshi ni rasmi serikali inapowasiliana na wanaokizungumza. Kirigizistani ina Kikirigizi kama lugha ya dola na Kirusi kama lugha rasmi, yaani "rasmi" ni daraja la chini ya "dola". Ireland inaweka Kiayalandi kuwa lugha ya taifa na rasmi ya kwanza, Kiingereza rasmi ya pili, wakati ukweli wa ofisini ni kinyume chake. Kwa hiyo Finland usiipe C kwa sababu tu ya neno "taifa". Soma sentensi inayofuata uone hati inampa raia haki gani, ndipo utoe daraja. Finland ni A.

Na kuna nchi ambazo lugha iko kila mahali hata hakuna aliyeona haja ya kuiandika. Uingereza haina sheria inayokifanya Kiingereza rasmi. Australia haina. New Zealand ndiyo kichekesho: Kimaori kina sheria yake tangu 1987 na lugha ya alama ya nchi hiyo tangu 2006, Kiingereza kinaendelea kwa mazoea. Mexico, Argentina, Chile na Uruguay katiba zao za taifa hazitangazi Kihispania kuwa rasmi. Marekani ilikuwa kundi hili mpaka tarehe 1 Machi 2025, Rais alipotia saini amri ya utendaji inayokitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi. Ukiandika A, andika "amri ya Rais" kwenye safu ya hati: haikupita Bungeni, na rais mwingine anaweza kuifuta kwa kalamu ileile.

Kifaransa: 29 ilivyokuwa 26

Hapa vyanzo vyako viwili vyote vilikuwa sahihi, kila kimoja kwa mwaka wake. Mpaka mwanzoni mwa 2023 hesabu ya 29 ilisimama. Ulaya: Ufaransa, Ubelgiji, Uswisi, Luxemburg, Monako. Amerika: Kanada na Haiti. Pasifiki: Vanuatu. Afrika: Benin, Burkina Faso, Burundi, Chad, Côte d'Ivoire, Djibouti, Gabon, Guinea, Guinea ya Ikweta, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Kameruni, Komori, Kongo-Brazzaville, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Madagaska, Mali, Niger, Rwanda, Senegal, Shelisheli na Togo.

Kisha Mali ilipata katiba mpya iliyoanza kutumika Julai 2023: lugha za taifa 13 zikawa rasmi, Kifaransa kikateremshwa kuwa lugha ya kazi. Burkina Faso ikafuata, marekebisho ya katiba yakipitishwa na Bunge la mpito mwishoni mwa Desemba 2023. Niger ikafanya hivyo kwa Hati ya Mpito ya Machi 2025: Kihausa lugha ya taifa, Kifaransa na Kiingereza lugha za kazi. Mwezi huohuo nchi zote tatu zilitangaza kujitoa OIF. Toa 3 kwenye 29, unabaki na 26. Hizo tatu zihamishie C.

Angalizo, usifanye neno "kazi" kuwa kisu cha kukatia kila kitu. Katiba ya Gabon ya 1991 ilikiita Kifaransa "lugha rasmi ya kazi", maneno yote mawili pamoja. Hiyo ni A, kwa sababu "rasmi" limo na hakuna lugha nyingine iliyopewa hadhi juu yake. Mali ni C kwa kuwa hati imezipa hadhi ya urasmi lugha nyingine na kukiondoa Kifaransa miongoni mwake. Na kumbuka kuteremshwa kwenye karatasi hakubadilishi ofisi kesho yake: katiba hiyo ya Mali yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa.

Kanada na Ubelgiji hazina utata wa hadhi, ila mipaka yake ni ya kuandikwa. Ubelgiji ina Kiholanzi, Kifaransa na Kijerumani, kila kimoja na eneo lake, Brussels ikiwa na Kiholanzi na Kifaransa pamoja. Kameruni ina Kifaransa na Kiingereza kwa hadhi sawa tangu katiba ya 1996, ingawa mikoa inayotumia Kiingereza ni miwili kati ya kumi, na mgogoro wa huko unajulikana.

Kiswahili, mstari kwa mstari

Hapa wanafunzi wako watauliza zaidi, na hapa ndipo daraja la sheria na matumizi ya kweli hutengana kabisa.

Kenya ndiyo rahisi. Katiba ya 2010, ibara ya 7: lugha ya taifa ni Kiswahili, lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Daraja A. Kabla ya hapo Kiswahili kilikuwa lugha ya taifa na kilikubaliwa Bungeni tangu 1974, lakini urasmi wa kikatiba kimeupata 2010. Ibara ya 120 inaongeza lugha ya alama ya Kenya kwa Bunge peke yake. Na ipo ibara ya 259 inayosema matoleo ya Katiba ya lugha tofauti yakigongana, la Kiingereza ndilo linalosimama. Usiiache nje ya safu ya mipaka: lugha mbili zinaweza kuwa rasmi kwa pamoja na bado moja ikawa na neno la mwisho.

Tanzania: ulichosoma ni kweli. Katiba ya 1977 haina ibara inayotangaza lugha rasmi. Lugha inajitokeza kwa kupita, kwa mfano ibara ya 67 inapotaka mgombea ubunge awe anajua kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Nguvu ya Kiswahili serikalini ilitokana na maamuzi ya kisiasa ya miaka ya 1960, na mwaka 1967 ndipo matumizi yake katika shughuli za serikali yalipoagizwa na Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, likaundwa kwa sheria. Sheria iliyokaribia zaidi kutamka jambo hili ni ya juzijuzi: Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya 2021 ilibadilisha kifungu cha 84 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1. Zamani kifungu hicho kilisema lugha ya sheria ni Kiingereza au Kiswahili au zote mbili. Sasa ni Kiswahili, na mahakama nazo zikaelekezwa huko, Kiingereza kikiachiwa nafasi pale maslahi ya haki yanapokihitaji. Kwa kanuni yetu huu ni mstari wa B wenye sheria inayogusa utungaji wa sheria na mahakama. Kuna watakaokasirika kuiona Tanzania na B. Wakikasirika waonyeshe safu ya maneno ya hati, wakuletee ibara.

Uganda ni kinyume chake. Ibara ya 6 ya Katiba, baada ya marekebisho ya 2005, inasema Kiswahili ni lugha rasmi ya pili, itakayotumika katika mazingira ambayo Bunge litayaainisha kwa sheria. Neno "rasmi" lipo, kwa hiyo ni A. Lakini urasmi huo umefungwa na sharti la sheria ya Bunge. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kukitekeleza na kukifundisha shuleni. Vyombo vya habari vingi viliandika siku ile kwamba Uganda "imekifanya Kiswahili lugha rasmi", kana kwamba 2005 haikuwahi kuwapo. Ukikuta chanzo kinachotaja 2022 kama mwaka wa urasmi, ujue kimenakili habari bila kufungua Katiba.

Rwanda: ibara ya 8 ya Katiba kama ilivyorekebishwa 2015 ilitaja Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, na kuruhusu sheria maalumu iongeze au kupunguza lugha rasmi. Sheria hiyo ilitungwa 2017 na kukiongeza Kiswahili. A, hati ikiwa sheria. Orodha zinazoiacha Rwanda zilisoma Katiba zikaishia hapo.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: ibara ya 1 ya Katiba ya 2006 inasema lugha rasmi ni Kifaransa, na lugha za taifa ni Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba (Tshiluba). C. Wasemaji wa Kiswahili wa mashariki ya Kongo ni wengi kuliko wa baadhi ya nchi zenye A, ila jedwali hili halipimi wasemaji.

Burundi lugha rasmi ni Kirundi na Kifaransa, na Kiingereza kikaongezwa kwa sheria ya 2014. Kiswahili kinafundishwa na kinasikika sana Bujumbura, lakini hakimo, usikiweke. Komori ni Kishikomori, Kifaransa na Kiarabu; Kishikomori ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, si Kiswahili.

Jumla yake basi: A 3 (Kenya, Uganda, Rwanda), B 1 (Tanzania), C 1 (Kongo). Anayesema "nchi nne" amejumlisha A na B, na ni jibu zuri la mtihani. Lakini ukiishia hapo, Uganda itaonekana imeizidi Tanzania kwa Kiswahili, jambo ambalo mtoto wa darasa la tatu wa Kigoma atalicheka. Dawa ni kuongeza, kwa ukurasa huu tu, safu ya nane: lugha inatumika wapi hasa. Bunge la Tanzania hujadili kwa Kiswahili. Mahakama za mwanzo zinaendeshwa kwa Kiswahili. Sekondari na vyuo vikuu hufundisha kwa Kiingereza. Fanya hivyohivyo kwa zile nyingine nne. Safu hii ina kazi kubwa kuijaza kwa dunia nzima, sikushauri ujaribu.

Lugha moja majina mawili, jina moja tahajia mbili

Ukifika Malaysia na Indonesia utasimama tena. Kimalei ni rasmi Malaysia, Brunei na Singapore; Indonesia inakiita cha kwake Kiindonesia. Ni lugha moja au mbili? Vivyo hivyo Kiajemi, kinachoitwa Kifarsi Iran, Kidari Afghanistan na Kitajiki Tajikistan, huko kikiandikwa kwa herufi za Kisiriliki. Na kile kilichokuwa Kiserbo-Kroatia siku hizi kina majina manne katika katiba nne. Moldova imerahisisha upande wake: Machi 2023 Bunge lilipitisha sheria ya kuondoa jina "Kimoldova" na kuweka "Kiromania" katika sheria zote, kwa hiyo Kiromania sasa kina nchi mbili bila ubishi.

Kanuni ninayoipendekeza ni kuhesabu kwa jina lililo kwenye hati, na kuweka maelezo ya chini pale majina mawili yanapofichana. Wengine huhesabu kwa misimbo ya ISO 639-3, orodha ya kimataifa inayoipa kila lugha kifupisho cha herufi tatu. Inasaidia lakini nayo ina mizunguko yake: Kiswahili ni *swa*, msimbo wa jumla unaobeba misimbo miwili, *swh* na *swc*, wa pili ukiwa wa Kiswahili cha Kongo. Kinyarwanda ni *kin* na Kirundi ni *run*, ingawa Mnyarwanda na Mrundi wanaelewana bila mkalimani. Chagua njia moja, usiruke huku na huku kwa sababu moja inaipa lugha uipendayo nchi zaidi.

Kusini mwa Afrika pana mifano mizuri kuliko yote ya lugha za Kiafrika zinazovuka mipaka kisheria, na orodha za mtandaoni huipita bila kuiona. Kisotho ni rasmi Lesotho (pamoja na Kiingereza, Katiba ya 1993) na Afrika Kusini. Kiswati ni rasmi Eswatini na Afrika Kusini. Katiba ya Zimbabwe ya 2013, kifungu cha 6, ina lugha 16 "zinazotambuliwa rasmi", zikiwemo Kisotho, Kitswana, Kivenda na Kixhosa ambazo zote ni rasmi Afrika Kusini. Maneno ya Zimbabwe hayafanani kabisa na "lugha rasmi". Mimi ningezipa C na kunukuu. Kitswana kwa Botswana ni lugha ya taifa kwa desturi, Kiingereza kikitangulia ofisini. Kwa vitendo Kisotho kina tatizo la tahajia: neno lenye maana ya "Mungu" Lesotho huandikwa *Molimo*, Afrika Kusini *Modimo*, na linatamkwa vilevile. Kitabu cha shule cha Maseru hakiingii darasani Bloemfontein bila kupitiwa upya. Kiswahili kiliepuka shida hiyo kwa sababu kamati ya lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki iliundwa mapema, mwaka 1930, ikasanifisha tahajia moja kwa Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda kabla mipaka haijawa ya nchi huru.

Lugha nyingine kwa haraka

Kihispania kina nchi 20 za Umoja wa Mataifa ukijumlisha A na B: Hispania, Guinea ya Ikweta na 18 za Amerika. Bolivia iangalie vizuri: Katiba ya 2009 inataja Kihispania na lugha 36 za wenyeji, Kiguarani kikiwemo, na Paraguay ina Kiguarani tangu Katiba ya 1992. Kwa hiyo Kiguarani ni lugha ya nchi mbili, ingawa lahaja za pande hizo mbili hazilingani.

Kiarabu kianze na nchi 22 za Jumuiya ya Kiarabu, kisha kagua moja moja, halafu uongeze Chad ambayo si mwanachama lakini ina Kiarabu na Kifaransa. Somalia: Katiba ya muda ya 2012 inasema Kisomali ni rasmi na Kiarabu ni lugha ya pili, hivyo C. Israeli: sheria ya msingi ya 2018 iliondoa urasmi wa Kiarabu na kukipa "hadhi maalumu". C.

Kijerumani ni rasmi Ujerumani, Austria, Uswisi, Liechtenstein, Luxemburg na Ubelgiji, na D kwa Tyrol ya Kusini huko Italia. Katiba ya Ujerumani yenyewe haikitaji. Kimo katika sheria ya taratibu za utawala, kifungu cha 23. Kiholanzi: Uholanzi, Ubelgiji na Surinam. Kikatalani ni mfano wa kupendeza, A kwa Andorra tu na D kwa Hispania. Kitamil: A Sri Lanka na Singapore, D India. Kwa India jihadhari na sentensi "Kihindi ni lugha ya taifa": ibara ya 343 inasema Kihindi ni lugha rasmi ya Muungano, Kiingereza kinaendelea kwa Sheria ya 1963, na lugha ya taifa haipo.

Kiingereza kiache mwisho. Usianze kwa kutafuta jumla. Anza na nchi, na ukubali kwamba B itakuwa ndefu.

Kabla jedwali halijaenda kiwandani, rudia mistari michache tu: Mali, Burkina Faso na Niger, kwa kuwa ziko chini ya serikali za mpito, Marekani, kwa sababu ya aina ya hati, na Uganda. Kwa Uganda unachotafuta ni sheria ya Bunge inayotajwa na ibara ya 6. Ikitungwa, daraja linabaki A na safu ya mipaka ndiyo unayoiandika upya.